Katavi: Maji Yanavyopanga Safari za Wanyama

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, magharibi mwa Tanzania, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, na sehemu kubwa yake ni misitu ya miombo. Ndani ya misitu hiyo kuna tambarare mbili, Katavi na Chada, ambazo ramani huziita maziwa. Ni maziwa kwa miezi michache tu. Mvua za huko zina msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au mapema Mei. Mto Katuma ukifurika, maji husambaa juu ya tambarare hizo kabla ya kuendelea na mwendo wake kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Ikifika Agosti, palipokuwa na maji huwa ni uwanda wa majani unaokanyagwa na nyati.

Mtu angedhani kwamba wanyama hukimbilia tambarare wakati zimejaa maji. Hali ni kinyume chake. Masika yakishika, kila kibonde msituni kina maji yake, hivyo hakuna mnyama anayelazimika kubaki karibu na mto. Majani machanga huchipua chini ya miti, ilhali kule tambarare udongo mweusi wa mfinyanzi hugeuka tope linalonasa kwato, na nyasi hurefuka, hukomaa na kuwa ngumu. Basi tembo, pundamilia na nyati hutawanyika miomboni, na eneo linalosifika kwa wingi wa wanyama linaweza kuonekana kama limehamwa.

Kuanzia Juni mambo hugeuka. Nyasi za msituni hukauka na kupungukiwa na protini, vijito hukatika, na moto wa kiangazi huteketeza kilichobaki. Tambarare, zilizokwisha kunywa maji ya miezi kadhaa, bado zina unyevu ardhini na huendelea kutoa majani mabichi. Nyati hubanwa sana na ratiba hii, kwa kuwa anahitaji kunywa karibu kila siku. Hawezi kwenda malishoni mbali na maji. Makundi yake huungana hadi kufikia mamia, na simba huyafuata. Twiga ana nafasi zaidi, maana sehemu kubwa ya maji yake huipata kwenye majani ya miti.

Ukali wa kiangazi huonekana vizuri zaidi kwa kiboko. Ifikapo Septemba na Oktoba, Katuma huwa umebaki madimbwi machache. Ngozi ya kiboko hupoteza maji upesi na hupasuka ikikaa juani, kwa hiyo mchana lazima ajifiche majini au walau topeni. Mamia ya viboko hulazana bega kwa bega katika dimbwi moja, na juu ya tope hubaki kuonekana migongo na masikio tu. Mmoja akitaka kugeuka, jirani zake wote hulazimika kusogea, na manguruma hupita dimbwi zima. Madume, ambayo masika kila moja lingekuwa na sehemu yake ya mto, sasa hupigana kwa meno, na majeraha yake huenda mbavuni hadi mkiani. Giza likiingia viboko hutoka kwenda malishoni, na kadiri majani ya karibu yanavyokwisha, ndivyo mwendo wa usiku unavyorefuka.

Mamba wa Katavi hufanya jingine. Huingia katika mapango yaliyomo kwenye kingo za mto na kulala humo, mara nyingine wakipandana, hadi maji yarudi. Mwili wa mamba hutumia nguvu kidogo sana ukitulia, hivyo anaweza kukaa muda mrefu bila kula.

Kukauka huko huko ni neema kwa ndege. Samaki waliozaliana katika maji ya mafuriko hukusanyika kwenye madimbwi yanayopungua, na mwari pamoja na korongo wenye midomo ya njano huwavua bila taabu. Kambare hustahimili kuliko samaki wengi kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Hata hivyo, dimbwi likikauka kabisa naye huliwa.

Si kila ardhi oevu hufuata saa moja na Katavi. Katika delta ya Okavango, Botswana, mvua za nyanda za juu za Angola huchukua miezi kufika, na mafuriko huwa makubwa zaidi kati ya Juni na Agosti, wakati Botswana yenyewe iko kiangazi. Wanyama huja kwenye delta wakati huo, kisha mvua za huko zikinyesha baadhi ya pundamilia huondoka kwenda kwenye majani ya nyanda za Makgadikgadi. Uzio wa kuzuia magonjwa ya ng'ombe, uliojengwa mwaka 1968, uliifunga njia hiyo. Ulipoondolewa mwaka 2004, pundamilia walianza kuhama tena, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipita njia hiyo.

Kwa mgeni, kalenda ya Katavi ina maana rahisi: Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuwaona wanyama wake kwa wingi, kwani masika njia nyingi za hifadhi huzama katika tope jeusi.

Jambo zito zaidi liko nje ya mipaka. Vyanzo vya Katuma haviko hifadhini, na maji yake huzuiwa na kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga. Mkulima anayeyahitaji ana haki ya kula, lakini maji yakipungua kiangazi, dimbwi la mwisho hukauka mapema na viboko hawana pa kwenda. Kulinda hifadhi bila kulinda sehemu ya juu ya mto wake ni kulinda nusu tu. Mto Ruaha Kuu ulionyesha hivyo: ulikuwa ukitiririka mwaka mzima, lakini ulianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, baada ya kilimo cha umwagiliaji na mifugo kuongezeka katika bonde la Usangu, sehemu ya juu ya mto huo. Mwaka 2008 Usangu na kinamasi chake cha Ihefu viliingizwa hifadhini, lakini mashamba mengi yanayochota maji ya mito inayolisha kinamasi hicho yalibaki nje ya mpaka.