Mama Mjamzito, Jaza Ghala la Mtoto

Huko Usinge, magharibi ya Tabora, kina mama wanajua maana ya ghala. Mahindi na karanga huwekwa baada ya mavuno ili nyumba isilale njaa. Lakini kuna ghala jingine lisiloonekana. Nalo ni ini la mtoto aliye tumboni.

Ini hufanya kazi gani? Huweka akiba ya sukari na kuitoa mwili unapoihitaji. Tena hutunza madini ya chuma yanayotengeneza damu. Mtoto huweka akiba hizo hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Sukari humsaidia saa za kwanza baada ya kuzaliwa. Chuma humsaidia kwa miezi kama sita, maana maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Mtoto hana shamba. Kila kitu hukipata kwa mama yake. Mama akila ugali mtupu miezi mingi, mwili wa mtoto huzoea uhaba. Wataalamu waliwapa panya wenye mimba chakula chenye protini kidogo. Watoto wao walipokua, maini yao hayakutawala sukari kama kawaida. Kwa binadamu pia dalili zipo. Uholanzi ilipatwa na njaa kali wakati wa vita, mwaka 1944 hadi 1945. Watu waliokuwa tumboni wakati huo walipofikia umri wa miaka 50 hivi, miili yao ilishindwa kutawala sukari vizuri kama ya wenzao. Hiyo ndiyo njia ya kisukari.

Basi tufanye nini? Kipindi kigumu ni wakati wa kulima. Ghala limepungua, na jembe linangoja. Baba, usiuze maharage na karanga zote. Weka fungu la mama, na umpunguzie kazi nzito. Mama, kula ugali pamoja na samaki au dagaa, maharage, kisamvu na matembele. Wazee wengine humkataza mjamzito mayai. Mwiko huo hauna faida. Yai lililoiva vizuri hujenga mwili. Nenda kliniki mapema, na umeze vidonge vya kuongeza damu unavyopewa.

Karanga na mahindi yaliyoota ukungu msile. Ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Nayo hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Anikeni mazao juu ya turubai, si chini.

Zamani, wapagazi wa misafara ya Tabora na Ujiji walihitaji posho ili waweze kusafiri. Mtoto naye ana safari ndefu, na posho yake ya kwanza hufungwa tumboni mwa mama.

Zungumzeni darasani: Nyumbani kwenu ni nani hupakuliwa kwanza? Mama mjamzito hubakiwa na nini?