Kumi Bora za Buku ya Hesabu

Kila Sato jioni nilikuwa naandika kumi bora yangu nyuma ya buku ya hesabu, ile ya viboksi. Jina ya ngoma, msanii, wiki iliyopita ilikuwa wapi, wiki hii iko wapi, na kamshale ka kupanda ama kushuka. Nimezirudia hizo peji juzi, na maze, zinanijua kuliko picha zote nilipigwa nikiwa chalii.

Sheria ilikuwa moja: hakuna msee anasaidia. Brathe akisema ngoma ni noma, hiyo ni yake. Idunde kwa kila nganya ya Eastlando, bado. Lazima inishike mimi.

Na enzi hizo mtaa ulikuwa na mambo. Huku studio ya Ogopa Deejays na mtindo wao wa kapuka: Nameless, Redsan, E-Sir. Huku studio ya Calif Records, prodyusa Clemo akipika mtindo wa genge na Nonini na Jua Cali kutoka Califo, Eastleigh. Wasee walizusha hadi usiku juu ya nani mkali. Kwa peji zangu wako pamoja, wanasukumana wiki kwa wiki. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji nayo ilikuwa imeshanipeleka mbio kabla muungano wa NARC waibebe kwa kampeni za uchaguzi za 2002.

Ngoma ulikuwa unaingoja kwa redio. Unachukua kaseti ya mathe ya mahubiri, unaziba tundu za juu na karatasi ndio ikubali kurekodi, unakaa hapo na vidole kwa batani. Presenta akibonga juu ya intro, umeumia. Unangoja tena. Ndio maana kuipea namba moja ilikuwa kitu nzito. Ulikuwa umeitolea jasho.

Halafu 16 Machi 2003. E-Sir, chali wa South C, akakufa kwa ajali ya barabara akitoka Nakuru. Miaka 21. Hakuna mtu alikuwa anashona Kiswahili kwa biti venye alikuwa anafanya, na sijaskia mwingine hadi wa leo. Peji ya hiyo wiki haina mishale. "Boomba Train" juu, "Leo ni Leo" inafuata, "Hamunitishi," na jina yake inashuka hivyo hadi chini ya peji. Redio zilirudi kwa ratiba zao. Mimi nilikataa kumtoa. Biro imekandamizwa hadi ukipitisha kidole nyuma ya karatasi unaskia herufi.

Siku hizi simu hukupangia ngoma zako za mwaka. Iko sawa, lakini inahesabu tu mara ngapi kitu imecheza, hata kama ulikuwa umelala. Kupanga ni ingine. Unaweka mbili unazopenda mbele yako, unaamua ni gani itakaa juu, na Sato ijayo unaamua tena.

Chenye kimenibamba zaidi ni namba tisa na kumi. Huko ndio kuna machalii wa ngoma moja, waliingia wiki moja wakapotea. Zingine nimetafuta kwa neti hadi nikachoka, haziko, na korasi bado iko kwa kichwa. Mwenye ako na kaseti za genge na kapuka za enzi hizo, na bado ziko fiti, anitafute. Nataka tuzirekodi upya kabla tepu ioze.