Simu Yasema 20: Je, Ni Kweli?

Wavuvi wa dagaa wa Mwanza na Ukerewe waliotumia karabai walikuwa na njia rahisi ya kujua mafuta yaliyobaki: waliitikisa taa wakasikia. Siku hizi wengi huvua kwa taa za betri, na simu za mkononi huenda nao ziwani. Lakini betri ukiitikisa haisemi neno. Iliyojaa na iliyokwisha ni sawa kwa uzito. Basi, ile asilimia ionekanayo juu ya kioo cha simu hutoka wapi?

Hutoka kwa kukisia, tena kwa njia mbili. Kwanza, simu hupima volti, yaani msukumo wa umeme. Betri ya lithiamu, ya namna ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1991, ikijaa huwa na volti 4.2 hivi. Hushuka polepole, ikakaa karibu na 3.7 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha mwishoni huporomoka ghafula. Kwa hiyo, katikati ya safari volti peke yake hazitoshi kuonyesha kilichobaki. Ndipo inapokuja njia ya pili: kuhesabu umeme uingiao na utokao, kama mwenye duka aandikavyo magunia katika daftari. Lakini makosa madogo ya daftari hujilimbikiza. Na betri ikizeeka, ghala lenyewe hupungua.

Hapo ndipo penye hatari. Simu yenye betri iliyochakaa yaweza kuonyesha 20, nawe ukiwasha tochi huku unapiga simu, volti zikashuka mara moja na simu ikajizima. Nyumbani hayo ni usumbufu tu. Usiku, ziwa limechafuka na mashine imekufa, ni jambo la uhai.

Basi, shika haya. Ukipatwa na shida, usingoje. Ita msaada mapema. Usiiache simu juani mtumbwini, kwani joto ni adui mkubwa wa betri. Usiizoeze kuisha kabisa kila siku. Namba ikianza kurukaruka, iache iishe mara moja, ukiwa nchi kavu, kisha uijaze mfululizo mpaka 100. Hivyo simu hupata kusahihisha daftari lake. Ikiendelea kurukaruka, betri imechoka, ibadilishe. Na ikivimba, usiitumie tena hata siku moja.

Asilimia ya simu ni makisio mazuri, wala si kipimo kamili. Ukienda ziwani, jaza betri kabla jua halijatua.