Injini Imefunguliwa Juzi, Lori Bado Inakunywa Oili? Soma Hii Kabla Hujakosana na Fundi

Wasee wa malori, hii story ni yenu. Kama umewahi kusimama Ishiara siku ya soko msimu wa maembe, unajua venye mambo huenda. Makreti yanapakiwa, magunia ya ndengu yanangoja, na kando kuna tanboi anamwagia injini oili kama mtu anayelisha mtoto uji. Ukimuuliza, anakuambia, "Na hii injini tumefungua juzi tu!"

Hapo ndio ngori huanza. Mwenye lori anasema aliwekewa spea feki. Fundi anasema dere ndiye aliharibu. Wakibishana, maembe yanaoza na mkopo wa lori unaendelea kudai doo yake. Kabla mfike huko, elewa nini inaendelea ndani.

Mwanzo, kunywa kidogo ni kawaida

Ringi mpya na slivu mpya bado hazijazoeana. Slivu huchorwa mikwaruzo midogo iliyopishana, ili ishike oili na isugue ringi mpaka zikae sawa. Kitu kinachosukuma ringi zibane slivu ni presha ya moto ndani ya silinda. Presha hiyo huja injini ikifanya kazi.

Sasa madere wengi huogopa. Injini ikitoka kwa fundi, inaachwa inanguruma masaa mengi bila mzigo, "ijizoeshe." Hiyo ni makosa. Presha inakuwa ndogo, ringi hazibani, oili inaungua kwa ukuta wa slivu na kuufanya uteleze kama kioo. Ikishafika hapo, mara nyingi dawa ni kufungua tena. Kumbe ule mlima wa kutoka joto la Ishiara kupanda Embu ukiwa na mzigo wa kadiri ungesaidia! Usiikanyage mpaka ilie, usiikabe kwa gia kubwa, na pima joto la injini ukienda.

Pima, usibahatishe

"Inakunywa sana" si kipimo. Simamisha lori mahali tambarare, zima, ngoja dakika kadhaa oili ishuke, kisha jaza mpaka alama ya juu. Usipitishe, juu oili ikizidi inapigwapigwa na krankishafti na kutupwa nje kupitia bomba la kupumua. Halafu andika kila lita ya oili unayoongeza na kila lita ya dizeli. Ishiara hadi Nairobi na kurudi mara tatu hivi, tayari una kama kilomita 1,000.

Mafundi wengi hulinganisha oili na dizeli. Tuseme lori imechoma lita 250 za dizeli. Nusu asilimia yake ni lita 1 na robo. Ukiwa chini ya hapo na inaendelea kupungua kila safari, tulia. Ukiongeza lita 4, hiyo ni asilimia 1.6, na kuna shida. Kitabu cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Soma moshi

Moshi wa bluu asubuhi ukiwasha, kisha unapotea: angalia sili za valvu. Bluu ukipanda mlima na mzigo: shuku ringi. Moshi mweusi ni dizeli nyingi ama hewa kidogo, usimlaumu fundi wa ringi.

Injini ikiwa moto na inanguruma polepole, fungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukitoka kwa nguvu kama sufuria inachemka, presha inapita ringi. Hapo mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, ijulikane gani imelegea.

Wale wawili husahaulika

Wengi hufungua injini wakaacha tabo na kompresa ya breki za zamani. Tabo iliyochoka hupeleka oili moja kwa moja kwa njia ya hewa. Fungua ule mpira wa kuingiza hewa. Unyevu kidogo si kesi, lakini oili ikiwa dimbwi, umepata mwizi. Na hii si mchezo: dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe, inapaa juu na haisikii ufunguo. Ikitokea, kaa mbali na mkono wako usiuweke karibu na tabo.

Kompresa nayo, mwaga maji kwenye tangi la hewa. Ukiona oili nyingi imechanganyika, inapotea kwa breki, na ringi za injini hazina hatia.

Mwisho ni vumbi. Barabara za Mbeere ukizijua, unajua. Filta iliyochanika ama mpira wa hewa uliolegea unaingiza mchanga mwembamba, na ringi mpya zinasagika haraka kuliko unavyodhani. Unaweza kurudia kazi yote mara tatu kama huo mpira haujakazwa.

So ukirudi kwa fundi, usiende na hasira peke yake. Enda na daftari: kilomita, lita za dizeli, lita za oili, na rangi ya moshi. Fundi mpoa ataanza kazi hapo hapo. Yule ambaye hataki hata kuliangalia daftari, hata wewe sasa umejua.