SUMU ILIYOMO GUNIANI

Mtu akigeuka macho manjano huku kwetu, watu husema upesi, "Huyo ni pombe," au "Amerogwa." Kumbe ini lina maadui wengi. Kuna virusi, kuna pombe kweli, na kuna wakati kinga ya mwili hukosea ikalishambulia ini lake yenyewe. Lakini adui ninayetaka kumweleza leo tunalala naye nyumba moja, sisi wa Kitui na Makueni. Anaitwa aflatoksini.

Hii ni sumu ya kuvu, ule ukungu wa kijani-manjano unaoota kwenye mahindi au njugu zisizokauka. Mwaka wa 1981, Makueni ikiwa bado ndani ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini na 12 wakafa. Mwaka wa 2004 ikarudi kwa kishindo. Kufikia Julai watu 317 walikuwa wameugua, 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui.

Kwa nini kwetu? Mwaka ule mvua ilinyesha wakati wa kuvuna. Chakula kilikuwa haba, watu wakaogopa wezi, wakayavuna mahindi yakiwa na maji na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani penye hewa. Joto na unyevu, basi kuvu ikapata makao.

Kazi ya ini ni kuvunja sumu. Ajabu ni kwamba likiivunja aflatoksini, ndipo inapozidi ukali na kuua seli za ini lenyewe. Macho huwa manjano, tumbo na miguu huvimba. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Na usidhani moto utakuokoa! Isyo ichemke kutwa nzima, sumu imo tu. Kukoboa muthokoi huipunguza, lakini haiishi.

Mwaka jana paa letu lilivuja, debe mbili za mahindi zikaota ukungu. Mama alitaka tuyaoshe na kuyaanika. Susu, yaani nyanya yangu, akakataa kata kata, kwani mwaka wa 2004 alimzika dada yake. Mama akasema basi ale ng'ombe. Nikamwambia sumu hiyo hupitia hadi kwenye maziwa. Akaniangalia. "Haya msomi, utatununulia mengine?" Sikuwa na jibu. Tulichimba shimo tukayafukia, na wiki hiyo tulikula pojo mchana na jioni.

Msimu huu Susu ana chupa kavu ya kioo. Hutia mahindi kiasi na chumvi kavu, akaitikisa vizuri, kisha akaiacha itulie kidogo. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji. Jana ilishika. Leo asubuhi tumeyarudisha yote juani, juu ya turubai.