Fosforasi ya Udongo na Mizizi ya Malisho: Pima Kabla ya Kununua

Wingi wa majani ya matete au lusina huanzia mizizini, nayo mizizi huitegemea fosforasi.

Fosforasi haisafiri mbali udongoni. Mzizi ndio unaoifuata. Inapopungua, mmea huelekeza sehemu kubwa ya chakula chake kwenye mizizi na vinyweleo vyake ili kuitafuta, na majani hudumaa. Upungufu ukizidi, mizizi nayo hudhoofika, na malisho hunyauka mapema wakati wa kiangazi. Lusina huathirika zaidi, kwa kuwa vinundu vya mizizi yake, vinavyonasa naitrojeni ya hewani, huhitaji fosforasi nyingi.

Katika udongo wenye tindikali nyingi (pH chini ya 5.5), chuma na alumini huifunga fosforasi, mizizi isiweze kuifyonza. Hapo huenda chokaa ikahitajika kabla ya mbolea. Kuzidisha mbolea nako hakuongezi mizizi. Ni hasara, na ziada husombwa na mvua hadi mitoni.

Mnunuzi anashauriwa:

1. Apeleke sampuli ya udongo maabara kwanza.
2. Asome namba ya kati kwenye mfuko. DAP huandikwa 18-46-0. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za fosfati.
3. Alinganishe bei kwa kiasi cha fosfati, si kwa uzito wa mfuko.
4. Aweke mbolea shimoni wakati wa kupanda na kuifunika kwa udongo kidogo, isigusane na mbegu wala vipando.