Mafunzo ya Mwalimu Kazini na Lugha ya Mahali
Sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, iliyotungwa mwaka 2018, ilimtaka mwalimu asajiliwe ndipo afundishe. Lakini cheti si mwisho wa elimu. Kwa hiyo yako Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambayo walimu huyafanya pamoja shuleni mwao. Je, wajifunze nini? Huko Nyaishozi, katika Karagwe, watoto wengi huingia shule na Kinyambo, lugha isiyotenganisha maana kwa "l" na "r". Mtoto aandikapo "kura" badala ya "kula" si mzembe. Afuata sauti za kwao. Mwalimu asiyelijua hilo humwadhibu bure. Basi mafunzo yasipimwe kwa mahudhurio tu. Lugha ya mahali nayo iwe somo.